Kutambuliwa si kupewa

Leo nataka tuzungumze kuhusu kitenzi kimoja tu cha Kiingereza: recognise. Wamarekani wanakiandika kwa herufi z, ila hilo tuwaachie wenyewe. Kinachonihusu ni kwamba kitenzi hiki kilishapita Mbulu na Hanang, tena kilipita mahakamani. Kilipopita, kuna waliobaki na mashamba yao na kuna waliobaki kando wakitazama trekta zikilima walipokuwa wakichunga.

Sisi tunaofanya kazi ya uandishi wa habari tunakutana nacho kila siku kikiwa kimevaa Kiswahili. "Serikali inatambua mchango wa wafugaji." "Serikali inatambua changamoto zenu." Jaribu siku moja ukae kwenye semina uhesabu ni mara ngapi mgeni rasmi anatambua kitu. Utachoka kabla ya chai ya saa nne. Na akishatambua anapanda gari anaondoka, basi. Hapo neno halimgharimu hata senti tano.

Lakini kitenzi hiki kina maana nyingine, na hizo zina gharama. Tuzipitie taratibu, halafu twende Mbulu.

Maana ya kwanza ni ya macho na kumbukumbu: kumwona mtu na kujua kuwa ni yule unayemjua. Hanang wanaijua maana hii kwa uchungu. Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki. Siku zile habari zilijaa maneno "miili iliyotambuliwa" na "miili ambayo bado haijatambuliwa". Fikiria kidogo. Maiti hatambuliwi na daktari wala mkuu wa wilaya, hata wawe na vyeo gani. Anatambuliwa na mama, kaka, jirani, mtu aliyekuwa akimjua akiwa hai. Asiyekujua hawezi kukutambua. Anaweza kukuona tu.

Hata asili ya neno la Kiingereza inasema hivyo. Limetoka kwenye Kilatini kupitia Kifaransa cha zamani, na ukilifungua ndani unakuta "kujua" na "tena". Kujua tena. Huwezi kujua tena kitu ambacho hakikuwepo. Shika hapo, maana hoja yangu yote leo imelala hapo.

Maana ya pili ni kukiri. Unamtambua mtoto kuwa ni wako, unatambua deni, unatambua ndoa, nchi inaitambua nchi. Hapa hakuna suala la macho. Unachofanya ni kukubali mbele ya watu kwamba jambo lipo, na kwamba kuanzia sasa linakubana. Sisi Watanzania tuliwahi kulifanya hili kwa ujasiri mkubwa. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, mataifa makubwa yakanuna. Biafra ilisambaratika Januari 1970, lakini usiniambie kitendo kile kilikuwa cha bure. Tulisema: watu hawa wapo, na kuwepo kwao kunatuhusu.

Maana ya tatu ni ya mtaani, nayo ni yetu wenyewe: "Utanitambua!" Mzungu hawezi kutafsiri hii akaipata. Mtu akikwambia hivyo hana maana kwamba umesahau sura yake. Anasema unaniona lakini unanifanya kama sipo, sasa nitakulazimisha ukiri. Ukiniuliza mimi, historia ya ardhi ya Mbulu na Hanang kwa miaka mia iliyopita ni historia ya watu walioonwa bila kutambuliwa, hadi baadhi yao wakaenda mahakamani kusema "utanitambua" kwa lugha ya wanasheria.

Haya, twende.

Anza na majina tu. Kwa miaka mingi waliokuwa wakiandika habari za huku waliwaita watu Wambulu na Wamang'ati. Wenyewe wanajiita Iraqw na Datooga, na Wabarabaig wa Hanang ni tawi kubwa la Datooga. Hilo neno "mang'ati" ni la Wamaasai, na maana yake ni adui. Yaani unaandikwa kwenye kitabu cha serikali kwa jina ulilopewa na mtu mliyekuwa mkipigana naye! Hapo bado hatujafika kwenye ardhi.

Wajerumani walitoa amri mwaka 1895 kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Sasa nani anaamua kwamba haina mwenyewe? Mgeni. Waingereza walipokuja wakatunga Sheria ya Ardhi ya 1923. Ardhi yote ya Tanganyika ikawa ya umma chini ya Gavana, na anayetaka kuikalia apewe haki ya kukalia. Sikiliza kitenzi: apewe. Mtu ambaye babu yake na babu wa babu yake wamezikwa pale, apewe na mtu aliyeshuka melini juzi.

Mwaka 1928 sheria ile ikarekebishwa. Wakaongeza kwamba haki ya kukalia ardhi ni pamoja na haki ya mwenyeji au jamii ya wenyeji wanaoitumia ardhi kihalali kwa mila zao. Wanasheria wanaiita haki inayohesabiwa kuwepo. Hukupewa hati na hukuandikiwa barua, lakini sheria inakuhesabu kuwa unayo. Hapo kwa mara ya kwanza sheria ilikaribia kutambua badala ya kutoa. Ilikaribia tu, maana "kuhesabiwa" ni neno la mtu anayekubali nusu nusu. Tena sheria za kikoloni zilikuwa na tafsiri yao ya nani ni mwenyeji: Mwafrika, akiwemo Mswahili, ila siyo Msomali. Ndiyo, ilikuwa imeandikwa hivyo. Mambo ya kuchekesha kama hayana madhara, na haya yalikuwa nayo.

Uhuru ukaja mwaka 1961. Gavana akaondoka, Rais akaingia, sheria ikabaki ileile.

Sasa njoo Hanang, tambarare ya Basotu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea miaka ya 1970, serikali yetu, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la umma la NAFCO. Mashamba yakafika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Gawal, Warret, Gidagamowd na Murjanda. Jumla yake ni kama ekari 100,000. Ona miaka hiyo vizuri. Serikali iliyoweza kuwatambua watu wa Biafra, maelfu ya kilomita kutoka hapa, ndiyo hiyohiyo iliyotazama Basotu ikaona ardhi tupu.

Kwa nini iliona tupu? Kwa sababu Wabarabaig walikuwa na akili. Ufugaji wao ulikuwa wa kuzunguka. Mvua ikinyesha, ng'ombe wanakwenda kwenye majani mazuri ya tambarare. Kiangazi kikikaza, wanahamia kwenye maji ya kudumu, miteremko na mabonde mengine, na tambarare inaachwa ipumzike ili mwakani iwe na majani. Mtaalamu akipita kipindi hicho na daftari lake anaona nini? Nyasi na upepo. Anaandika "haitumiki". Ni sawa na mtu aingie chumbani kwako ukiwa kazini, aone kitanda hakina mtu, aseme chumba hiki hakina mwenyewe.

Lakini alama zilikuwepo. Wadatooga wakimzika mzee aliyeheshimika sana humfanyia bung'eda, maziko yanayochukua miezi, na juu ya kaburi hujengwa kichuguu kirefu cha udongo. Watu wanakuja kutoka mbali. Kaburi lile ni la mzee na pia ni hati. Linasema ukoo huu ulikuwa hapa, tunajuana, tulikubaliana. Yupo pia getabaraku, mkutano wa wanaume wote chini ya mti, ambako mambo ya malisho na maji yalikuwa yakiamuliwa. Kwa Mbarabaig, ardhi ilikuwa imeandikwa kila mahali. Trekta zilipokuja zililima na makaburi. Dereva wa trekta hakuwa mtu mbaya, sidhani. Hakutambua tu, kwa maana ya kwanza kabisa ya neno: alikuwa hamjui aliyelala pale.

Njia za kupitishia ng'ombe zikafungwa. Mtu akipita na mifugo yake anaitwa mvamizi. Wanakijiji wa Mulbadaw wakaamua kwenda mahakamani, kijiji pamoja na watu mmoja mmoja, dhidi ya NAFCO. Mahakama Kuu Arusha ikawapa ushindi na fidia. NAFCO ikakata rufaa, na hukumu ya Mahakama ya Rufani utaikuta kwenye ripoti za sheria za mwaka 1985. Wanakijiji walishindwa. Sababu? Kwanza, kijiji kuandikishwa hakukifanyi kuwa na ardhi. Ilibidi kithibitishe kwamba kiligawiwa kwa utaratibu wa sheria. Pili, na hapa ndipo ninapokuna kichwa kila nikisoma, wanakijiji hawakuwa wamethibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria.

Mbarabaig wa Hanang athibitishe kuwa ni mwenyeji wa Hanang. Miaka zaidi ya 20 baada ya uhuru, kwa tafsiri iliyoandikwa na mkoloni. Shirika lililokuja juzi halikuulizwa swali hilo.

Sitaki kuwasema majaji vibaya. Walisoma sheria iliyokuwepo, na ushahidi ulioletwa mbele yao ulikuwa na mapengo. Ninachosema ni kwamba ukishamwambia mtu athibitishe kile ambacho majirani zake wote wanakijua, umeshamgeuza kutoka mtu anayetambuliwa kuwa mtu anayeomba. Na anayeomba anaweza kunyimwa.

Serikali haikuishia hapo. Mwaka 1987 ilitoa amri ya kufuta haki za kimila katika baadhi ya maeneo ya Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulijumuisha Mbulu na Hanang (Manyara haijazaliwa, ilikuja 2002). Halafu ikaja Sheria Na. 22 ya 1992, iliyoanza kutumika Desemba 28 mwaka huo. Hiyo ilikuwa nzito zaidi. Iligusa vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Ilisema haki za kimila katika vijiji hivyo zimefutwa, hakuna fidia, kesi zilizoko mahakamani zife, na hukumu ambazo watu wameshashinda zisitekelezwe. Kwa kalamu moja!

Na hapa ndipo Mbulu inapoingia kwa kishindo.

Kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, walikuwepo baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay. Leo eneo hilo liko Wilaya ya Karatu, lakini wakati ule lilikuwa Wilaya ya Mbulu. Mwaka 1987 walidai ardhi yao ya kimila katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha. Wakashinda, wakarudishiwa. Rufaa dhidi yao ikiwa bado inasubiri Mahakama Kuu, sheria ya 1992 ikatua. Ushindi wao ukageuka karatasi ya kufungia vitumbua. Wengi wetu tungerudi nyumbani tukanyamaza. Wao wakaishitaki sheria yenyewe kwamba inavunja Katiba.

Jaji Eusebia Munuo wa Mahakama Kuu Arusha akakubaliana nao. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi siyo mali kwa maana inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, kwa hiyo kuifuta siyo kumnyang'anya mtu kitu. Yaani huna kitu, sasa unalia nini?

Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikajibu. Nitaeleza kwa maneno yangu. Kama hoja hiyo ingekuwa kweli, basi wakazi wengi wa Tanzania Bara wangekuwa maskwota katika nchi yao wenyewe. Rais hamiliki ardhi ile kama mali yake, ameishika kwa niaba ya watu, na aliyeshikiwa hawezi kugeuzwa mgeni na aliyemshikia. Haki ya kimila ni mali. Ukiichukua, lipa fidia ya haki. Na huwezi kumfungia mtu mlango wa mahakama. Vifungu kadhaa vya sheria ile vikaanguka.

Mnaona kilichotokea? Mahakama haikuwapa ardhi Akonaay na mwanawe. Haikuwa na ardhi ya kuwapa. Ilitambua kwamba walikuwa nayo kabla ya hakimu, kabla ya sheria ya 1992, kabla ya ile ya 1923. Kujua tena. Familia moja ya wakulima ilipata kwa mamilioni ya Watanzania kitu ambacho siasa haikuwapa, na nina hakika ukiuliza kwenye daladala yoyote ya Dar es Salaam leo, hamna anayelijua jina hilo. Wanafunzi wa sheria pekee ndio wanalikariri kwa ajili ya mtihani.

Lakini hukumu hiyo ina kona moja inayonisumbua. Mahakama ilisema fidia inamstahili aliyeweka nguvu zake kwenye ardhi, hata kama hakujenga wala kupanda cha kudumu. Ardhi ambayo hakuna jasho lililoongezwa juu yake haina dai kama hilo. Kwa mkulima wa Mbulu anayefyeka, anayejenga makinga maji na kuweka samadi, sawa kabisa. Jasho lake linaonekana. Je, jasho la Mbarabaig? Jasho lake ni kuiacha tambarare ipumzike. Kazi yake kubwa ni kutofanya kitu kwa miezi kadhaa, na kazi hiyo haina picha. Kwa hiyo hata siku sheria ilipofumbua macho, ilifumbua upande wa jembe.

Na Mhadzabe je? Bonde la Yaeda, wilaya hiyohiyo ya Mbulu, kuna watu wanaoishi kwa mizizi, asali na mawindo. Jembe hawana, zizi hawana. Kwa kipimo cha jasho hawakugusa chochote, na ndiyo sababu kwa miongo mingi kila aliyehitaji shamba au malisho aliliona bonde lile kama akiba. Mwaka 1989 Mmaasai Moringe ole Parkipuny alikwenda Geneva kwenye kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, akiwa na Mhadzabe Richard Baalow. Safari ndefu sana kwenda kumwambia mtu "tupo".

Baada ya Tume ya Profesa Issa Shivji ya miaka ya 1991 na 1992 na Sera ya Ardhi ya 1995, ndipo zikaja sheria mbili za mwaka 1999 zilizoanza kazi Mei 2001. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema waziwazi kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati. Sentensi hiyo ilisubiriwa tangu 1923. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda, wakisaidiwa na shirika la UCRT, walipata hati ya hakimiliki ya kimila wakiwa jamii nzima, siyo mtu mmoja mmoja. Nayo NAFCO ilishakufa. Miaka ya 2000 sehemu ya mashamba ya ngano ilirudi kwa vijiji na sehemu nyingine ikaenda kwa wawekezaji.

Nisikudanganye kwamba mambo yameisha. Mwaka huohuo wa 1999, katika sheria pacha ya Ardhi, tafsiri ya "ardhi ya jumla" iliingiza pia ardhi ya kijiji ambayo haikaliwi au haitumiki. Haitumiki! Neno la yule mtaalamu na daftari lake Basotu limerudi kupitia mlango wa nyuma. Nani ataamua kwamba haitumiki, na atapita mwezi gani?

Ndiyo maana mimi ni mkali kidogo kuhusu vitenzi. Tukienda kuripoti sherehe ya kugawa hati za kimila tunaandika "wananchi wapewa ardhi". Tunakosea, na kosa lenyewe si la sarufi. Hawakupewa ardhi. Walichopewa ni karatasi, ardhi imetambuliwa. Aliyekupa kitu leo anaweza kukudai shukrani, kura, au akakinyang'anya kesho akisema nilikupa mimi. Aliyekutambua amekiri kuwa alikukuta, na mtu uliyemkuta hana deni la shukrani kwako.

Basi ukisikia tena "serikali inatambua", usipige makofi haraka. Uliza: inakiri nini, kwa nani, na itagharimika vipi? Na mnaonaje ninyi, huko kwenu ni watu gani wanaoonwa kila siku lakini bado hawajatambuliwa?